Kuhusu Moshi wa Ndegeni na Mablanketi Yaliyoletwa Nyumbani Kwetu

Kwako Eliamani, binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, ijapokuwa tumetenganishwa na ukuta mmoja tu wa mbao, nami nakusikia ukimwambia mama yako kwamba sketi ya sare imenyooka na apumzishe pasi. Dhumuni la barua hii ni kukueleza kinagaubaga mambo niliyoyatenda wiki hii kwa jina lako bila ridhaa yako, na hatimaye kuomba uamuzi wako juu ya jambo moja ambalo mimi, baba yako, nimejiondolea mamlaka ya kuliamua.

Ningeweza kuja huko jikoni nikayasema kwa mdomo. Nimejaribu. Lakini tangu Jumatano unaniamkia kwa sauti ileile unayowapa abiria wanaopanda ngazi. Unasema "Shikamoo, baba," kwa tabasamu la kazini, nami nikishajibu "Marahaba" unakuwa umeshageuka kuendelea na kazi. Kwenye karatasi nina uzoefu zaidi, na uzoefu huo ndio ulionifikisha hapa.

Sitakuandikia habari za chakula, wala mtaa gani unafaa kupanga chumba huko Dar es Salaam, wala namna ya kujihadhari na joto. Mama yako ameshayasema, na mengine ameyarudia. Mimi naandika nikiwa na kinyaa. Nimetafuta neno lenye staha zaidi na sikulipata, kwa hiyo naliacha lilivyo.

Naomba kwanza nikumbushe yale uliyotufundisha wewe mwenyewe. Ulipokuwa katika mafunzo ya uhudumu wa ndege ulikuwa ukirudi hapa mwisho wa wiki na kutufanya sote abiria. Mimi nilikaa kwenye benchi la barazani, mama yako kwenye kigoda, na wewe ukapita katikati yetu na taulo lenye maji mkononi. Ulipotangaza kwamba kuna moshi, mama yako alikataa kuinama.

"Mimi siachi kikapu changu. Kina ndizi za mgeni."

"Mama abiria, acha kikapu. Inamisha kichwa, funika pua na mdomo kwa kitambaa."

"Kitambaa kipi, mwanangu? Hiki cha harusi ya dada yangu? Nipe cha ndege."

Ulicheka mpaka ukaketi chini. Kisha ukasimama na kutueleza kwa uso mkavu kwamba kapteni amefungiwa mlango wake huko mbele, hanusi kinachotokea nyuma, na pua yake ni nyinyi wahudumu. Ukasema mhudumu hatakiwi kupiga simu ya ndani na kusema kuna kijiharufu fulani. Anatakiwa kusema kama ni moshi, una rangi gani, unatokea wapi, na kama unazidi au unapungua. Kwa maneno hayo kapteni anaamua kama atavaa barakoa yake ya oksijeni na kuishusha ndege, au ataendelea na safari. Mimi, ambaye nimetumia maisha yangu yote kuwafundisha majirani namna ya kuandika "tunaomba kuwasilisha", nilikusikiliza na kujiambia kwamba hii nayo ni lugha rasmi, tena yenye nidhamu kuliko yangu. Niliona fahari. Sikukwambia.

Siku ya tukio ulirudi nyumbani jua likiwa bado juu, jambo ambalo halikuwa kawaida yako, na ukatueleza ukiwa umesimama. Mlikuwa mmeruka kutoka uwanja wa KIA kwenda Mwanza. Ndege ikiwa bado inapanda, sehemu ya nyuma ikaanza kunuka kama soksi zilizolowa zikaachwa ndani ya kiatu, halafu kama oili iliyoungua. Dada Zuhura, kiongozi wenu wa wahudumu, alikuwa nawe huko nyuma. Akakwambia ufungue kahawa.

Nilikuuliza maana yake, na ulivyonijibu ndivyo kinyaa changu kilivyoanza. Ulisema ni desturi. Harufu ya namna hiyo ikitokea, wahudumu huchana pakiti za kahawa ya unga na kuziweka chooni na jikoni mwa ndege, ili abiria wanuse kahawa na wasiulize. Harufu ikiulizwa itabidi iandikwe, ikiandikwa mafundi wataitwa, na mafundi wakiitwa ndege italala chini wakati tiketi zake zimeshauzwa. Kwa hiyo haiandikwi. Inafunikwa.

Eliamani, mimi nimelima kahawa katika mteremko huu tangu nipate nguvu ya kushika panga. Nimeichuma kwenye mvua, nimeimenya, nimeianika, na mama yako ameichagua punje kwa punje hadi macho yakamuuma. Huenda pakiti zile zilitoka katika mlima huuhuu. Kwamba watu wenye tai na viyoyozi wameona kazi yake ni kufunika uvundo wa injini puani mwa watu waliolipa nauli, ni jambo ambalo hata sasa nikilifikiria natamani kutema mate. Kikombe cha asubuhi kimenishinda kwa siku kadhaa. Mama yako anadhani ni tumbo.

Wewe hukuzifungua. Ulipiga simu ya ndani na kusema moshi. Ukasema ni wa buluu, unatoka kwenye matundu ya hewa ya juu, kuanzia nyuma ya mabawa, na unazidi. Kapteni aligeuza ndege. Mliwainamisha abiria, mkawagawia vitambaa vyenye maji, na mkatua KIA, watu wote wakiteremka kwa miguu yao. Zuhura ndiye aliyekuwa amezunguka kutafuta chanzo cha moshi, akifungua makabati na kugusa kuta kwa kiganja, naye ndiye aliyetapika kwenye lami na kupelekwa hospitali.

Hayo ndiyo uliyoyaeleza, na sikuwa na sababu ya kuyatilia shaka. Sasa naingia katika sehemu yangu.

Jumatano, wakati wewe umeshuka mjini kumjulia hali Zuhura, baba yako mdogo Elifasi alikuja hapa na Bwana mmoja kutoka ofisi ya shirika lenu. Elifasi, kama ujuavyo, ndiye anayewabeba wahudumu wao kwa ile Noah yake kati ya mji na KIA. Yule Bwana alipita kwenye migomba yetu akiinua miguu kama anayevuka mtaro wa maji machafu, na alipofika barazani alifuta viatu kwanza ndipo akasalimu.

"Shikamoo, mzee wangu. Habari zako zimetufikia mpaka ofisini. Wanasema barua zako huko wilayani zinasomwa watu wakiwa wamesimama."

Elifasi akadakia, "Huyu kaka yangu akiandika barua ya mpaka, mwenye kosa anahamisha uzio mwenyewe kabla ya kuitwa!"

Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka, tena nikavuta kiti changu karibu. Binadamu aliyeishia darasa la saba, akajifunza uandishi kwa kunakili matangazo ya serikali yaliyobandikwa kwenye mti wa ofisi ya kata, akisifiwa na mtu mwenye shahada, hupungukiwa akili kwa muda. Mimi ya kwangu ilipungua mchana mzima.

Yule Bwana alieleza kwamba hakuna anayekataa kuwa kulitokea kitu. Tatizo, alisema, ni kwamba binti yetu ni mgeni kazini na ametumia neno zito.

"Moshi, mzee! Ukishasema moshi, mtu anaona moto. Abiria wanaogopa, wakubwa wanauliza maswali, ndege inafungiwa. Na kumbe ni harufu ya jikoni. Yule mwenzake aliacha plastiki kwenye oveni."

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Akauliza, "Hiyo oveni iliwashwa?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu kidogo."

"Nimeuliza tu kama iliwashwa."

Nami, Eliamani, nikamwambia mama yako alete chai.

Alipokwisha kuingia ndani, yule Bwana akasema kwamba shirika limeamua kukuhamishia Dar es Salaam, ambako kuna safari nyingi na vyeo, na kwamba siku utakayofika utaitwa mbele ya wakubwa kueleza tukio. Ingefaa, alisema, uwe na maelezo mafupi yaliyokwisha kuandikwa, yenye lugha iliyotulia, ili uweke saini tu. Vijana hawajui kuandika siku hizi. "Lakini wewe, mzee, ni bingwa. Tuandikie wewe mwenyewe, kwa namna unavyoona inafaa."

Nikaenda kuchukua kalamu yangu nzuri.

Nakunukulia nilichoandika, kwa sababu sitaki kikumbukwe kwa namna nyepesi kuliko kilivyokuwa: "Wakati wa safari husika kulijitokeza hali hafifu ya harufu ya jikoni, ambayo chanzo chake kinahusishwa na maandalizi ya huduma, na ambayo ilidhibitiwa kwa mafanikio kwa ushirikiano wa wote." Yule Bwana alisoma mara mbili, akapiga makofi. Elifasi alisema sentensi hiyo ingefaa kuwekwa kwenye fremu. Na mimi niliitazama, nikaona kweli imekaa vizuri. Hakuna koma iliyopotea. Hakuna mtu anayekohoa ndani yake.

Kisha yakaja mablanketi. Katika ukoo wetu aliyemkosea mtu hafiki mikono mitupu. Huja na blanketi na sukari, akiongozwa na mmoja wa ukoo anayemsemea, na blanketi likishawekwa mabegani mwa wenye nyumba shauri huwa limekwisha. Atakayelifufua ndiye mkosaji mpya. Elifasi alikuwa amemfundisha desturi hiyo, au sehemu yake. Walitoa mablanketi mawili kwenye gari, mazito, bado yana nailoni, na mfuko wa sukari. Moja Elifasi aliniwekea mabegani. La pili alimwekea mama yako, ambaye alisimama kama nguzo, hakulishika kwa mkono, likateleza likaanguka sakafuni, na Elifasi akaliokota akamwekea tena.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ni kosa ambalo mtu wa nje asingeweza kulifanya. Katika desturi yetu blanketi halikunjuliwi kabla mkosaji hajatamka. Lazima aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, "Nimekosa hivi na hivi." Babu yako aliwahi kumweka mtu uani kutwa nzima na blanketi lake mikononi kwa sababu alisema "kama nimekosa". Hata mimi nimeketi katika mashauri hayo, nimeyaandikia kumbukumbu, najua mpangilio wake kama ninavyojua sala. Na mtu huyu hakutamka kosa lolote. Alikuja kumtaja mkosaji mwingine, asiyekuwepo, kisha akanifunika. Zaidi ya hapo, aliyevuta moshi mwingi kuliko wote ni Zuhura, na nyumbani kwao hakuna aliyepeleka hata pakiti ya chumvi. Mimi, mjuzi wa taratibu, nilikaa na blanketi mabegani katika joto la mchana na kuuliza kama mgeni ataongezewa loshoro ya mahindi na mtindi. Alikula bakuli mbili.

Uliporudi jioni uliikuta karatasi mezani. Uliisoma ukiwa bado na mkoba begani.

"Baba, aliyeandika haya alikuwa amekaa kiti cha ngapi?"

Nilijifanya natafuta kifuniko cha kalamu.

"Na dada Zuhura yuko wapi humu?"

Nilikujibu kwamba suala la Zuhura lingezungumzwa katika aya inayofuata. Aya inayofuata haikuwepo, nawe uligeuza karatasi ukauona upande wa pili ulivyo mweupe. Ukairudisha mezani kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa kitu kwenye sahani. Tangu hapo ni "Shikamoo, baba," na tabasamu la ngazini.

Nimejiuliza siku hizi zote nilianza lini kuwa mtu wa namna hiyo, na nadhani nimepata pa kuanzia. Ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Mwenye nyumba ya wageni huko juu yetu alielekeza maji yake machafu kwenye mfereji tunaonywea sote. Maji yalinuka, mwanangu. Yalikuwa na povu la kijivu na vitu ambavyo sitavitaja katika barua kwa binti yangu. Majirani walikuja kwangu wakiwa na hasira, kila mmoja na maneno yake. Mmoja alisema, "Andika kwamba anatunywesha mavi." Nilimkemea. Nilimwambia hiyo si lugha ya kupeleka mbele ya Mheshimiwa. Nikaandika, kwa unadhifu mkubwa, kuhusu "mabadiliko ya ubora wa maji yanayohitaji kutazamwa kwa jicho la huruma". Jibu lilikuja likitupongeza wanakijiji kwa moyo wetu wa kutunza mazingira. Nililisoma hadharani na watu wakapiga makofi, wakarudi nyumbani kuchemsha povu. Wiki hiyohiyo uliharisha mpaka macho yakaingia ndani, na mama yako akakubeba mgongoni kwenda hospitali huku mimi nikiwa nyuma yake na jibu lile mfukoni, nikiwaonyesha tuliokutana nao njiani.

Mama yako hajawahi kunikumbusha. Ila siku ile alipouliza kama oveni iliwashwa, alinitazama kwa macho ya barabara ile ya hospitali, na mimi nikamtuma chai.

Ijumaa niliaga kwamba nakwenda mjini kutafuta mpira wa bomba la dawa ya kahawa. Hukuuliza. Nilikwenda Kaloleni, nyumbani kwa akina Zuhura. Mama yake alikuwa akipika nje, mbali kabisa na mlango, amejikinga jua kwa kanga.

"Karibu, Baba Eliamani. Usishangae, jiko limehamia uani. Bibie ndani hataki kusikia mafuta ya kukaangia."

Zuhura alikuwa amekaa karibu na dirisha, amejitanda ushungi, uso umepungua. Aliniamkia, kisha akasema, "Baba, usinitazame hivyo, sijafa. Nimekuwa tu kama mjamzito. Kila harufu inanikataa, na kichwa kinagonga. Daktari amesema nipumzike nione."

Nilimuuliza kama ofisi imefika kumwona.

"Wamenitumia ujumbe kwenye simu. Nisubiri nyumbani mpaka nitakapoitwa. Wanasema nimechoma plastiki." Akacheka, akashika kichwa. "Safari ya Mwanza tunagawa juisi na korosho, baba. Oveni haijawahi hata kuguswa njia hiyo. Au korosho zao wanataka zipashwe moto?"

Mama yake akapaza sauti kutoka uani, "Mwambie na chapati! Huyu tangu utoto hajaunguza hata chapati, leo aunguze ndege!"

Tulicheka wote, na katika kicheko hicho mimi nilikuwa nikijua kilichoandikwa kwa mkono wangu kuhusu "maandalizi ya huduma". Yeye hakujua. Sikupata ujasiri wa kumwambia. Hilo nalo liandikwe.

Kisha aliacha kucheka na kunieleza habari ya kahawa bila mimi kuuliza. Alisema alifundishwa hivyo na waliomtangulia, naye amewafundisha waliomfuata, na amechana pakiti hizo mwaka hata mwaka. Mara nyingi harufu hupita, ndege hutua, kila mtu hurudi kwao na kichwa kizito na kusema ni uchovu.

"Siku ile nikamwambia mwanao, fungua kahawa, mdogo wangu. Akanitazama. Akasema, 'Dada, tukiificha sisi, kapteni atanusa nini?' Nilimkasirikia, baba. Nikaona katoto kananifundisha kazi. Halafu nikainua macho, nikaona ile buluu imetanda juu ya vichwa vya watu, na kuna mtoto mdogo anaichezea kwa mkono."

Nilimuuliza, kwa uangalifu, angependa ueleze nini huko Dar es Salaam.

"Sitaki anitetee. Aseme alichokiona tu. Akiogopa nitaelewa, kwa sababu mimi nimeogopa miaka yote hiyo na nilikuwa na cheo. Lakini ile ndege wameshaipangia ratiba. Wiki ijayo inaruka. Plastiki haiitiwi fundi, baba."

Mama yake alinifungia kashata nikuletee. Ndizo ulizozikuta mezani ukadhani zimenunuliwa.

Nilipokuwa napandisha kurudi hapa nilijaribu, kwa mazoea, kuitunga habari ile upya kichwani kwa lugha nzuri. Sikuweza. Kila nilipoanza "hali hafifu" nilimwona yule mtoto akichezea moshi kwa mkono. Nimeishi nikiamini kwamba sentensi nzuri ni ile isiyomkwaza anayeisoma akiwa amekaa kwenye kiti kikubwa. Nilisahau kuna watu waliokaa kwenye viti vingine. Sisemi haya ili kukufunza, maana wewe ulishayajua ukiwa angani na simu mkononi, na mimi nilikuwa nimekaa barazani kwangu, salama, sina hata mafua.

Leo mchana nilimwita Elifasi na kumweleza kwamba nataka mablanketi yarudi. Alikasirika mpaka mate yakamtoka.

"Kaka, blanketi limeshakaa begani! Ulikula nao, uliandika kwa mkono wako, leo unataka mimi nionekane nani? Unajua ile Noah inalisha watu wangapi?"

"Hakutamka kosa, Elifasi."

"Atamke nini? Hiyo ni ofisi, si mzee wa ukoo! Na huyo binti yako akivuliwa sare, utamvika nini? Hizo karatasi zako?"

Swali lake nakuletea wewe. Naomba ulipime jinsi lilivyo, kwa sababu yeye si mjinga na wala si mtu mbaya. Wanaweza kukuvua sare. Wanaweza kukufikisha Dar es Salaam na kukuacha bila safari hata moja mpaka ujiondokee mwenyewe. Kazi hii uliitaka tangu ulipokuwa ukitazama ndege zikishuka kuelekea KIA ukiwa juu ya mti wa parachichi, na mama yako akikupigia kelele ushuke. Elifasi naye anaweza kupoteza kazi ya kuwabeba wahudumu, na watoto wake ni wadogo zako. Kwa upande mwingine yupo Zuhura, atakayefukuzwa kwa plastiki isiyokuwepo, na ipo ndege itakayoruka na watu wasiojua kwa nini inanuka kahawa. Nimeyaweka yote kadiri nilivyoweza, bila kuyapamba.

Ukitaka kujua mimi nasimama wapi, nasimama kwenye neno ulilolisema kwa kapteni. Lakini msimamo wangu usihesabiwe kuwa amri. Jumatano nilikuamulia, na umeona nilivyoamua.

Basi taratibu ni hii. Gari lao litafika kesho kunapopambazuka. Elifasi ndiye atakayeendesha, na yule Bwana atakuwemo ili kuipokea karatasi ikiwa na saini yako. Mablanketi nimeyakunja upya na kuyarudisha kwenye nailoni zake, na mfuko wa sukari haujafunguliwa. Ukiamua kusaini, mablanketi yatabaki, nami nitanyamaza kama desturi inavyotaka, na sitakutazama kwa jicho baya hata siku moja. Ukikataa, nitakwenda na mablanketi hayo hadi kwenye mlango wa gari, mimi mwenyewe, na kumwambia yule Bwana mbele ya mdogo wangu kwamba hakutamka kosa na alikosea nyumba, kwa hiyo hakuna kilichokwisha. Ile karatasi nitaichana hapohapo, nawe utakwenda mbele ya wakubwa wako na maneno yako mwenyewe, hata kama itabidi uyapeleke kwa basi.

Usinijibu kwa maandishi, na usiniamkie kwa sauti ya ngazini. Njoo hapa mezani sasa, taa bado inawaka, uniambie kwa neno moja.

Mimi baba yako naomba uamuzi wako: mablanketi yabaki, au yarudi?